Acheni Kuililia Picasso

Nina ugomvi, na kama magomvi mengi ya watu wanaoandika, huu unaanza nyumbani kwangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika insha fupi juu ya safari niliyoifanya Ufaransa, ndani ya behewa jekundu la dizeli linalotunzwa na wazee wapenda reli. Nilisimulia harufu ya viti, ngurumo ya injini, kituo kidogo kilichomezwa na majani, jua la jioni likipiga dirishani. Nikamaliza na sentensi ya huzuni juu ya dunia iliyopita. Watu waliipenda. Mmoja aliniandikia kwamba alitokwa na machozi. Leo nasema wazi: insha ile ilikuwa uongo. Sikubuni kitu, kila nilichokitaja nilikiona kwa macho yangu. Uongo ulikuwa katika lile ambalo sikuuliza.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma vitabu vya aina ile kwa jicho la mtu anayedaiwa. Ni vingi mno. Albamu za picha, kumbukumbu za wastaafu, insha za waandishi wa mjini waliokwenda shamba wikendi moja. Vyote vina umbo lile lile: hapo zamani kulikuwa na kigari cha reli, kilipita katikati ya mashamba, kila mtu alimjua dereva, kisha nyakati zikabadilika. Basi. Nyakati zikabadilika! Eti nyakati ndizo zilizokuja na nyundo zikang'oa mataruma.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani, maana wengi wetu tukisikia treni ya zamani tunaona moshi. Hata lugha yetu inatupeleka huko: gari la moshi. Ninalolizungumzia mimi halikuwa na boila wala mkaa. Wafaransa huliita autorail, nami niseme otoreli: behewa lenye injini yake lenyewe, abiria na dereva ndani ya chombo kimoja, bila kichwa cha treni cha kulivuta. Kwa ukubwa na kwa tabia ni basi lililowekwa juu ya reli.

Wanakijiji wengi hawakutumia neno autorail. Walisema micheline. Jina hilo lilitoka kwa kampuni ya matairi ya Michelin, ya Clermont-Ferrand, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilitengeneza magari ya reli yenye magurudumu ya mpira wenye upepo. Yale ya mpira hayakuwa mengi, na yaliyofuata yalikuwa na magurudumu ya chuma kama treni nyingine yoyote, lakini jina liliganda. Ni kama Watanzania wanavyoita kila pikipiki ya magurudumu matatu bajaji, hata kama iliundwa na kampuni nyingine kabisa. Micheline zenyewe zilivuka bahari mpaka Madagaska, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, na huko jina hilo bado linajulikana.

Baada ya Vita vya Pili, shirika la reli la taifa, SNCF, lilirithi magari ya kila namna kutoka kwa viwanda vya kila namna, vipuri havilingani, mafundi wanachanganyikiwa. Likaamua kuagiza aina chache tu za kufanana, zikipangwa kwa nguvu ya injini: farasi 150, 300 na 600. Ile ya 300, iliyosajiliwa kama X 3800, ndiyo iliyopata umaarufu. Kati ya mwaka 1950 na 1961 ziliundwa 251. Zilipakwa rangi nyekundu na krimu, zikabeba watu sitini hivi, na zilipopata reli nzuri zilikimbia hadi kilomita 120 kwa saa.

Umbo lake ndilo lililoipa jina. Chumba cha dereva kilikuwa kimoja tu, nacho hakikuwa mbele wala nyuma. Kilichomoza juu ya paa, upande mmoja, kama kibanda cha mlinzi. Dereva aliketi ubavuubavu, akageuza shingo kulia au kushoto kutegemea gari linakwenda wapi. Mtu akakitazama kile kichwa kilichokaa pembeni ya mwili akakumbuka zile sura za mchoraji Pablo Picasso ambazo pua iko kwake na jicho kwake. Ikaitwa Picasso.

Waandishi wa albamu hupenda sana kuishia hapo, kwenye jina. Linachekesha, lina sanaa ndani yake, linauza kitabu. Lakini kaa kidogo ukitazame kile kibanda kama mtu anayelipa mishahara. Kwa nini chumba kimoja badala ya viwili? Kwa sababu viwili ni ghali. Dereva akifika mwisho wa njia hahitaji jukwaa la kuzungushia gari wala kuhamia upande wa pili. Anageuza shingo tu, safari ya kurudi inaanza. Treni ya mvuke ilitaka dereva na mchochea moto. Ilitaka mtu aamke saa kadhaa kabla ya safari kuwasha moto, ilitaka maji njiani, makaa, majivu ya kuzoa. Otoreli iliwashwa asubuhi kama lori. Raoul Dautry, aliyeongoza reli za dola kuanzia 1928 na kuwa miongoni mwa waliozipigia debe otoreli katika miaka ya 1930, hakuwa mshairi. Alikuwa mhandisi aliyeona kwamba njia ndogo za mashambani zinakula pesa kwa sababu zinaendeshwa kwa chombo kikubwa mno.

Hapo ndipo albamu zinaponiudhi zaidi. Otoreli ilikuwa hoja. Ilikuwa jibu la chuma na mafuta kwa mtu anayesema kwamba kijiji hakistahili treni. Jibu lenyewe lilisema: kinastahili, ila tukiache chombo cha kifahari, tulete cha kadiri yake. Leo tunaigeuza hoja ile kuwa kitu cha kuchezea. Tunaipapasa, tunaipiga picha, tunapeleka watoto wakaipande Jumapili ya kiangazi, na tunasahau kwamba ilikuwa inasema kitu.

Fasihi nayo haijatusaidia. Émile Zola aliandika La Bête humaine mwaka 1890, na tangu hapo treni ya kitabuni ni mnyama: ina pumzi, ina jasho, dereva Jacques Lantier anaipenda Lison yake kama mwanamke. Miaka 67 baadaye Michel Butor akatoa La Modification, riwaya nzima ndani ya behewa la treni kutoka Paris kwenda Rome, akimwita mhusika wake "wewe" tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kitabu nikipendacho. Lakini angalia mwaka: 1957. Mwaka huo huo Picasso zilikuwa zikitoka kiwandani, zikisambaa katika nchi nzima, zikibeba wanafunzi, wauguzi, wauza siagi. Fasihi kubwa ilikuwa imepanda ekspresi, inakwenda Rome kuamua mambo ya mapenzi.

Nitapingwa kwamba yupo Proust. Kweli, yupo, na ninamshukuru. Katika Sodome et Gomorrhe kuna kitreni cha pwani ya Normandie ambacho ni baraza kabisa: watu hupanda kwa makundi, marafiki huja jukwaani kusalimia tu kisha wakarudi zao, profesa mmoja hueleza asili ya majina ya vijiji mpaka abiria wachoke. Proust alijua kwamba treni ndogo hufanya kazi ya uwanja wa kijiji. Lakini abiria wake wanakwenda kwenye karamu. Wakiikosa treni, gari la farasi la tajiri litawachukua. Mimi nawauliza habari za yule ambaye akiikosa, amekosa siku nzima.

Huyo nilimfahamu. Niliishi miaka miwili katika mji mdogo wa Ufaransa ya kati, kikazi, bila gari na bila leseni. Stesheni ya mji ilikuwa imegeuzwa maktaba, na palipokuwa na reli pana njia ya baiskeli, nzuri kweli, yenye kivuli. Jirani yangu alikuwa mama wa miaka themanini na kidogo. Nilimwita Madame na yeye akaniita Monsieur mpaka siku nilipoondoka, ndivyo ilivyo heshima ya kwao. Nilipogundua kwamba alikua katika kijiji kilichokuwa na stesheni kwenye njia ile ile, nikaenda kwake na daftari. Nilikuwa bado mwandishi wa machozi. Nikamuuliza kama aliipanda Picasso.

Akaniuliza, "Picasso ndiyo nini?" Nikamweleza. Akacheka. "Hilo ni jina la wapenda treni. Sisi tulisema micheline." Nikamwomba aniambie ilikuwaje. Nilikuwa nasubiri kuku kwenye vikapu, dereva anayesimama njiani kumpokea bibi kizee, theluji. Madame akafikiri, akasema: "Ilikuwa inanuka mafuta. Ilikuwa inatetemeka mpaka huwezi kuandika. Majira ya baridi ulikaa karibu na injini ukaungua, au mbali nayo ukaganda. Sikuipenda hata siku moja." Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini ilikuwa inakuja."

Ilikuwa inakuja. Asubuhi alikwenda nayo lisee, jioni akarudi nayo. Alipomaliza masomo, mdogo wake wa kike akaanza, na katikati ya masomo ya huyo mdogo, abiria wakaondolewa relini wakawekewa basi. Basi halikuwahi kengele ya asubuhi. Mtoto akapelekwa bweni, hakuweza bweni, akaacha shule. "Alikuwa na akili kunishinda mimi," Madame alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza harufu ya dizeli. Nikafunga daftari. Sikujua niandike nini, na kwa aibu kubwa nawaambia kwamba insha niliyoichapisha haikuwa na neno hata moja la mazungumzo yale. Hayakuingia kwenye jua la jioni.

Sasa tuliangalie lile neno ambalo insha zote hizi hulitumia: kufa. Njia ilikufa. Treni ndogo ilikufa. Kwa Kiswahili neno hili ni la hatari zaidi, maana sisi vyombo vyetu vyote hufa. Gari limekufa, simu imekufa, redio imekufa. Tukisema hivyo hatumtafuti mtu, tunamaanisha kitu kimeharibika chenyewe. Haya, Picasso ziliharibika? Za mwisho ziliondolewa kazini mwaka 1988. Njia nyingi zilikuwa zimefungwa miaka ishirini kabla yake. Chombo kilikuwa hai, kilichozikwa ni njia. Na njia haifi. Njia hufungwa, na kitenzi cha kufungwa kina mtendaji hata mkimficha.

Mtendaji mwenyewe hakujificha sana. SNCF ilianza kazi tarehe 1 Januari 1938, na katika miezi iliyofuata maelfu ya kilomita za njia ndogo yaliondolewa treni za abiria, yakapewa mabasi. Sera hiyo waliiita uratibu: reli na barabara zisigombanie abiria. Neno zuri, uratibu. Likaratibiwa kwa namna ambayo mmoja alihama na mwingine akabaki. Vita vilipokuja na petroli ikaadimika, baadhi ya njia zilizofungwa zikafunguliwa tena. Watu walewale ambao juzi walihesabiwa kwamba hawapo, wakaonekana wamejaa jukwaani. Nisifiche: otoreli zenyewe nyingi zililala wakati huo kwa kukosa mafuta, na mvuke ndio uliookoa jahazi. Lakini haja ya kusafiri haikuwa imekufa.

Kisha wimbi la pili, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea. Chukueni mfano mmoja, Carhaix, katikati ya Bretagne. Hapo zilikutana njia tano za reli nyembamba ya mita moja, kama vidole vya mkono, na otoreli za De Dion-Bouton zilipita juu yake. Mwaka 1967 mtandao ule wa reli nyembamba ulifungwa. Kidole kimoja, kile cha kwenda Guingamp, kilibadilishwa kuwa reli ya upana wa kawaida ili treni zake ziungane na njia kuu. Mpaka leo kinabeba abiria, kwa otoreli za kisasa. Watu wa vidole vinne vingine hawakuwa Wabretoni wa aina nyingine. Walinunua magari yale yale, Citroën 2CV na Renault 4CV, mvua yao ilikuwa ile ile, na nyakati zao zilibadilika sawasawa na za majirani zao. Tofauti ni kwamba mahali pamoja mtu alitia fedha, kwingine hakutia. Ukiniambia nyakati ndizo zilizoua, nieleze kwa nini nyakati ziliikwepa Guingamp.

Nina ushahidi mwingine, mdogo, nao naupenda kuliko yote kwa sababu ni maandishi. Kwenye mnada wa vitu vikuukuu nilinunua vitabu viwili vya ratiba za treni, kimoja cha miaka ya 1950, kingine cha miaka ya 1960. Nikafungua ukurasa wa njia ya Madame. Katika kile cha kwanza, safari ya asubuhi inafika mjini kabla ya saa mbili, unawahi shule, unawahi ofisi. Safari ya mwisho inaondoka mjini jioni, kazi zimekwisha. Katika kile cha pili, ya asubuhi inafika karibu saa nne, na ya jioni inaondoka saa kumi. Treni bado ipo. Inanguruma, inanuka, imepakwa nyekundu na krimu. Lakini haimfai mtu yeyote mwenye kazi au masomo. Mwaka mmoja wa ratiba kama hiyo, halafu bwana mkubwa anatumwa kuhesabu vichwa. Anakuta wanne. Anaandika: wananchi hawaitaki.

Najua njia moja haithibitishi zote. Lakini Wafaransa wenyewe wana methali kwa mchezo huu: anayetaka kumzamisha mbwa wake humsingizia kichaa. Na hesabu zilizofuata nazo zilikuwa za mwamba ngoma. Abiria anayetoka kijijini kwenda Paris, kilomita ishirini za mwanzo amesafiri kwa njia ndogo na mia nne kwa njia kuu. Ukiipa njia ndogo nauli ya ishirini tu, utasema inapata hasara, huku yenyewe ndiyo iliyomleta mteja wa mia nne. Basi nalo likihesabiwa, halitozwi gharama ya kujenga barabara wala daraja. Hizo zimelipwa na mfuko mwingine. Ngozi imevutwa upande mmoja, kisha tunashangaa mlio.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao, maana wanayo. Njia nyingi hazikupaswa kujengwa. Mpango wa waziri Freycinet wa mwaka 1879 ulitaka reli ifike kila kona, na wanasiasa wa kila kona walihakikisha inawafikia. Kulikuwa na stesheni zilizokuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kijiji kilichozipa jina. Basi husimama mbele ya kanisa, treni haiwezi. Vijiji vilipungukiwa watu, mashamba yakahitaji mikono michache, na familia iliyopata gari lake la kwanza haikulia machozi kwa kuachana na ile harufu ya dizeli. Madame mwenyewe alinunua gari mara alipoweza. Sisemi kila kilomita ingebaki. Nasema kila kilomita iliamuliwa, na kwamba kazi ya mwandishi ni kuusimulia uamuzi, kuuweka mbele ya macho yetu pamoja na jina lake na tarehe yake, hata kama mwisho wa yote tutasema ulikuwa sahihi.

Mtu atauliza, yote haya ya nini sasa? Hao mabibi wamezeeka, reli zimekuwa za baiskeli. Haya. Februari 2018 ripoti ya Jean-Cyril Spinetta kwa serikali ya Ufaransa ilirudia wimbo wa zamani: njia ndogo zinabeba wachache na kumeza fedha nyingi kupita kiasi, zifikiriwe upya. Waziri Mkuu Édouard Philippe alisema serikali haitaufuata ushauri huo wa njia ndogo. Novemba ya mwaka ule ule watu wa vijijini na wa viunga vya miji wakavaa vizibao vya njano wakaziba mizunguko ya barabara, chanzo kikiwa kodi ya mafuta. Wachambuzi wa Paris wakauliza, kwa mshangao wa kweli: mbona hawa watu wanategemea magari namna hii? Nilitamani niwarushie zile ratiba zangu mbili. Umemnyang'anya mtu treni, umemfundisha kwamba gari ndio uhuru, halafu unamtoza uhuru wenyewe kwa lita, na akipiga kelele unamwita mchafuzi wa mazingira.

Nasi huku tusijione watazamaji. Mwaka 2020 Nairobi ilipokea magari ya reli ya dizeli yaliyokwisha kutumika, yakitoka kisiwa cha Mallorca, Hispania. Chombo kilichochoka Ulaya kikaja kubeba watu asubuhi na jioni kwetu. Sina ubaya nalo, mimi napenda chombo kinachokuja. Lakini ipo siku atatokea mtu na daftari kuhesabu vichwa, na ipo siku nyingine atatokea mwandishi na jua lake la jioni. Ningependa kati ya siku hizo mbili atokee mtu wa tatu, wa kusoma ratiba.

Kwa hiyo ndugu zangu waandishi, ninachoomba ni kidogo. Ukienda kupanda gari la zamani, panda, furahi, piga picha. Hata mimi nitakwenda tena. Wazee wanaoyatunza magari yale wamefanya kazi ambayo hakuna aliyewalipa, na bila wao nisingejua dereva aliketi vipi. Lakini ukirudi nyumbani kuandika, kabla ya kuandika "nyakati zikabadilika", simama. Uliza treni ya mwisho iliondoka saa ngapi, na kwa nini saa hiyo. Uliza nani alikuwa akiisubiri. Uliza basi lilifika shuleni saa ngapi. Kuna riwaya nzima katika tofauti kati ya saa mbili na saa nne, na hakuna moshi ndani yake, wala mnyama wa chuma, wala mapenzi ya Rome. Kuna msichana mmoja amesimama na mkoba wake mbele ya kanisa.

Mimi insha yangu ile nimeiondoa. Mahali pake nimeweka hii. Madame siku hizi hasomi, macho yamechoka, na Kiswahili hakijui. Lakini nilimpigia simu nikamwambia kwamba nimeandika habari za mdogo wake. Akauliza kama nimeandika kwamba alikuwa na akili. Nikamwambia ndiyo, Madame, nimeandika.